Fedha za Bonasi na Ujenzi wa Nyumba

Katika sehemu za juu za Meru na Embu, mkulima wa chai hulipwa kwa njia mbili. Kila mwezi hupata fedha kidogo kwa kilo alizopeleka kituoni. Kisha, baada ya hesabu za mwaka kufungwa mwezi wa Juni, hupata malipo ya pili, yaani bonasi, karibu na Oktoba. Ndipo maduka ya mabati na saruji hujaa watu. Lakini Oktoba ni mwezi mbaya wa kuanza nyumba.

Mvua za vuli huanza wakati huo, na msingi uliochimbwa hujaa maji. Tena majani huwa mengi, nayo yataka kuchumwa kila baada ya siku 7 hadi 14. Mtu akizunguka kutafuta mchanga na fundi, majani hukomaa, na majani yaliyokomaa hukataliwa kituoni. Tena Januari shule zitafunguliwa.

Tuseme mkulima wa upande wa Githongo au Rukuriri amepata Sh. 90,000. Kabla ya kusema na fundi, atenge karo ya muhula wa kwanza, tuseme Sh. 30,000, kisha Sh. 15,000 za chakula, matibabu na vibarua. Sh. 45,000 zilizobaki ndizo za nyumba. Aziweke katika chama cha akiba na mikopo, wala si katika simu, maana fedha za simu humwitikia kila apigaye. Ikiwa hazitoshi msingi wa vyumba vitatu, aanze na viwili.

Kazi ya msingi ifanywe Januari na Februari. Jua ni kali, chai hupungua, nawe una nafasi ya kumsimamia fundi. Zege linyweshwe maji kwa siku 7. Kuta zingoje Julai na Agosti, wakati baridi inapozuia majani kuchipua. Mawe na mabati waweza kununua mapema, bei ikiwa nzuri. Saruji usinunue mapema: ikikaa miezi mitatu hupoteza nguvu, na katika ukungu wa Nyambene huharibika upesi zaidi.

Hatari kubwa huja kuta zikifika usawa wa madirisha na fedha zimekwisha. Wengi hapo hukopa kwa simu. Mkopo wa Sh. 20,000 unaotozwa Sh. 75 kwa kila Sh. 1,000 kwa mwezi hula Sh. 1,500 kila mwezi. Ukiufufua tangu Februari hadi bonasi ya Oktoba, umelipa Sh. 12,000, na zile Sh. 20,000 bado zadaiwa. Afadhali kuta zifunikwe zingoje.

Mkulima wa kahawa, asiyepata malipo ya kila mwezi, agawe fedha zake kwa miezi mingi zaidi. Wa miraa huko Igembe hupata fedha mara kwa mara, lakini asiweke ahadi ya deni refu juu ya zao hilo: Uingereza ililipiga marufuku mwaka 2014, na Somalia ilifunga soko lake tangu 2020 hadi 2022.

Risiti za kilo na karatasi za malipo ziwekwe pamoja, na makato ya mbolea yasomwe. Mke na watoto wakubwa waijue hesabu hii yote kabla ya Oktoba, kwa kuwa mara nyingi ndio wachumaji.