Dawa ya Ng'ombe Si Dawa ya Paka

Katika nyumba nyingi za Ufipa, kuanzia Sumbawanga mjini hadi vijiji vilivyo chini ya milima ya Mbizi, dawa ya mifugo haikosekani. Maksai ndio wanaotulimia, na chupa ya dawa ya kuogeshea hukaa nyuma ya mlango. Mbwa akijikuna au paka akipata viroboto, mkono huenda kwenye chupa hiyohiyo. Hapo ndipo tunapowaua kwa nia njema.

Paka ndiye anayeumia zaidi. Ini lake haliwezi kuvunja sumu nyingi ambazo ng'ombe, mbwa na hata binadamu huzimudu. Soma lebo: ukiona jina linaloishia na "methrin", au neno "amitraz", usimpake. Paka aliyepakwa huanza kwa kutikisatikisa masikio na miguu kama aliyekanyaga maji. Kisha ngozi ya mgongo inamchezacheza, mate yanamtoka, na mwisho ni degedege. Muoshe haraka kwa sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu, si ya moto. Mkaushe, mfunike vizuri, maana baridi yetu ya Juni nayo inaua, kisha mkimbize kwa daktari wa mifugo. Usimnyweshe maziwa wala mafuta.

Panadol nayo ikae mbali naye. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua: damu yake hushindwa kubeba hewa, ufizi hugeuka rangi ya udongo, uso unavimba. Mbwa naye asipewe diklofenaki wala ibuprofeni. Tumbo hutoka damu na figo huharibika.

Sindano ya ivermectin ya ng'ombe hupimwa mililita 1 kwa kila kilo 50 za uzito. Mbwa wetu wa kienyeji hafiki hata nusu ya kilo hizo. Ukimkadiria kwa macho tu, utamkuta kesho anayumba, haoni.

Kwenye kidonda, acha oili chafu, petroli na maji ya betri. Chemsha maji nusu lita, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yakipoa oshea. Dawa ya kusafishia inayogeuka nyeupe kama maziwa ukiitia majini isimguse paka, kwa sababu atairamba. Pamba, bandeji, kibano cha kung'olea kupe na chumvi hiyo vinatosha kwenye kisanduku cha nyumbani.

Dukani, uliza dawa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), iliyoandikwa jina la mnyama wako na tarehe ya mwisho wa matumizi. Dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya soda usiinunue hata kwa bei ya bure. Mtoto wako atadhani ni soda kweli.

Chanjo ya kichaa cha mbwa hutunzwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Anayekuletea chanjo iliyoshinda mfukoni anakuuzia maji. Mchanje mbwa akifikisha miezi mitatu, na paka vilevile. Mbwa au paka akimng'ata mtu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, bila pilipili wala majani, halafu nendeni hospitali siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni mkwaruzo tu.