Mbwa na Mgeni Apigaye Hodi

Wasomaji wetu, desturi ya kupiga hodi ni ya zamani sana katika nchi zetu. Mgeni husimama mbali kidogo na mlango, akapaza sauti, akangoja mpaka mwenye nyumba aitikie "Karibu". Walakini katika nyumba nyingi hodi ya kwanza haijibiwi na mwenye nyumba, bali hujibiwa na mbwa. Naye mgeni hurudi nyuma, au huokota jiwe, au hukimbia. Katika somo hili twataka kueleza jinsi mbwa awezavyo kufundishwa kutulia mgeni afikapo. Jambo hili lawezekana kwa mtu ye yote mwenye subira, wala halitaki fedha nyingi.

Twaanza kwa kisa chetu wenyewe, ingawa si cha kutusifu. Tulikuwa na mbwa mkali, nasi tukijivunia ukali wake. Alibweka mchana kutwa na usiku kucha. Aliwabwekea kuku, watoto waendao shule, wapita njia, hata majani yaliyotikiswa na upepo. Usiku mmoja jirani yetu alikuja kuomba baiskeli ampeleke mtoto wake zahanati, kwa kuwa mtoto alikuwa na homa kali na degedege. Alipiga hodi mara nyingi, lakini mbwa alimzuia asiukaribie mlango. Sisi tulimsikia mbwa, tukajigeuza kitandani, tukasema, "Ndiyo kawaida yake." Jirani akaondoka, akaenda kuomba msaada nyumba ya mbali. Mtoto alifika zahanati alfajiri, akapona kwa rehema ya Mungu. Lakini baba yake alipotueleza habari hiyo asubuhi, hatukuwa na neno la kujibu.

Wahenga walisema kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Basi mbwa abwekaye kila saa ni kama mbiu ilizwayo kila saa pasipo jambo: hapana atokaye nje kuisikiliza. Mbwa wa namna hiyo huwafukuza rafiki, wala hamwonyi mwenyewe ajapo adui.

Sababu za kubweka

Kabla ya kumfundisha mnyama yafaa kuijua nia yake. Mbwa humbwekea mgeni kwa sababu tatu zilizo kubwa. Ya kwanza ni hofu, nayo ni ya kawaida kuliko watu wengi wadhanivyo. Mbwa mwenye hofu hujifanya mkali ili kitu akiogopacho kiende zake. Ya pili ni kulinda mahali pake na watu wake. Ya tatu ni furaha tu, kwa kuwa mgeni humletea ghasia na michezo. Tena kila siku mbwa huona kwamba akimbwekea mpita njia, mpita njia huenda zake. Mtu yule alikuwa akipita tu. Lakini mbwa hudhani kwamba ni yeye aliyemfukuza, na kesho hubweka kwa nguvu zaidi.

Wengi wetu humpiga mbwa fimbo au kumkemea kwa kelele. Hilo ni kosa. Tukipiga kelele, mbwa hudhani nasi twabweka pamoja naye. Tukimpiga kila afikapo mgeni, hujifunza kwamba mgeni huleta maumivu, na chuki yake huongezeka. Baya zaidi, mbwa apigwaye kwa sababu ya kunguruma huweza kuacha kunguruma, lakini haachi kuogopa. Siku moja huuma bila ya kutoa onyo lo lote. Kumfunga mnyororo siku nzima nako hakumfundishi. Mara nyingi humzidishia ukali.

Katika nchi ya Urusi alikuwako mtaalamu jina lake Ivan Pavlov, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake ya kuchunguza jinsi chakula kisagwavyo mwilini. Aliona kwamba mbwa wakizoea kusikia mlio fulani kabla ya kupewa chakula, huanza kutokwa na mate kwa kuusikia mlio ule tu, hata kabla chakula hakijaonekana. Nasi twaweza kulitumia jambo hili nyumbani. Neno "hodi", ambalo kwa mbwa wetu ni ishara ya vita, laweza kugeuzwa kuwa ishara ya tonge.

Mafunzo yenyewe

Kwanza, mchagulie mbwa mahali pake. Tandika gunia au mkeka mkuukuu hatua kadhaa mbali na mlango, mahali awezapo kuuona. Chukua vipande vidogo vya kitu akipendacho, kama dagaa au ugali uliochovywa mchuzi wa nyama. Mwongoze mpaka kwenye gunia, useme neno moja tu, kama "Lala", na alalapo mpe kipande. Fanya hivi dakika tano asubuhi na dakika tano jioni. Watu wote wa nyumbani watumie neno lile lile. Baba akisema neno hili na watoto neno jingine, mbwa atachanganyikiwa.

Pili, mzoeze kukaa. Mngojeshe kwa pumzi chache kabla ya kumpa kipande, kisha zidisha, mpaka aweze kulala hapo nawe ukienda mlangoni na kurudi.

Tatu, mtu wa nyumbani aseme "Hodi" kwa sauti ya chini, akiwa ndani na akionekana. Mbwa akitulia, apewe kipande mara moja. Akiinuka, asipigwe wala asikemewe. Arudishwe polepole kwenye gunia bila ya kupewa kitu, na hodi ifuatayo iwe ya chini zaidi.

Nne, mtu yule yule atoke nje, apige hodi kwa sauti ya kawaida, kisha abishe mlango. Hili lirudiwe siku nyingi, mchana na jioni, mpaka mbwa asikiapo hodi aende mwenyewe kwenye gunia kungoja haki yake.

Tano, mwombe jirani amjuaye mbwa aje kupiga hodi, na baadaye mtu asiyemjua. Katika siku hizi za mwanzo mbwa awe amefungwa kamba imara, ili mgeni asiingie hatarini kwa ajili ya somo letu. Mgeni asimkazie mbwa macho, wala asinyoshe mkono juu ya kichwa chake, wala asikimbie. Na aketi kana kwamba mbwa hayupo.

Usiruke hatua hata moja. Mbwa akishindwa, rudi kwenye hatua iliyotangulia. Wengine hujifunza kwa majuma machache, na wengine huhitaji miezi. Mwenye mtoto wa mbwa ana bahati, kwa maana tangu juma la tatu mpaka kama la kumi na mbili la maisha yake mtoto wa mbwa huzoea upesi watu na sauti mpya. Basi aonyeshwe wazee, watoto, wenye kofia na wenye baiskeli, kwa upole.

Huenda msomaji akauliza, "Je, mbwa huyu atalinda nyumba kweli?" Twajibu kwamba hatumkatazi kubweka kabisa. Abweke mara mbili au tatu kutupa habari. Kisha mwenye nyumba aseme "Basi", ampeleke mahali pake, amtunze kwa kipande. Mbwa wa namna hii sauti yake ina maana, na mwenye nyumba huamka aisikiapo.

Heshima ya wageni na hatari ya ugonjwa

Twakumbusha pia kwamba wengi wa jirani zetu ni Waislamu, na wafuatao madhehebu ya Shafi huyahesabu mate ya mbwa kuwa najisi. Kilichoguswa nayo huoshwa mara saba, moja kati yake kwa udongo. Mtu aliyevaa kanzu akienda msikitini, akirukiwa na mbwa wetu, ametiwa mashaka bila ya kosa lake. Kumzuia mbwa asiwarukie watu ni katika adabu ya ujirani.

Lililo kubwa kupita yote ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu, dalili zake zikisha kuonekana kwa mtu, karibu kila mara humwua. Nao hukisiwa kuwaua watu 59,000 hivi kila mwaka duniani, wengi wao katika Afrika na Asia, na watoto ni wengi miongoni mwao. Lakini waweza kuzuiwa. Mbwa achanjwe, na chanjo irudiwe kama bwana mifugo atakavyoagiza. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile akapate sindano, hata kama jeraha ni dogo. Asingoje kuona kama ataugua. Tena mbwa aliyekuwa mpole akigeuka ghafula kuwa mkali, akatokwa na povu au akashindwa kumeza, hilo si jambo la mafunzo. Watu wakae mbali naye, na bwana mifugo apewe habari upesi.

Walimu wanaweza kuwafundisha watoto shuleni wasimkimbie mbwa wala kumtupia mawe, na wakubwa wa vijiji wanaweza kuwahimiza watu siku ya chanjo ifikapo.

Ama mbwa wetu sisi, alichukua miezi mitatu kujifunza. Sasa hubweka mara tatu, akaenda kwenye gunia lake akatazama mlango. Nasi tukimsikia usiku hatujigeuzi tena kitandani. Twawasha taa, twaitika "Karibu", twafungua.