Protini ya neva itamrudishia kaka yangu macho?

*Daktari, kaka yangu ana miaka 34. Giza likiingia hujikwaa kwenye viti, na kliniki ya macho imesema ana retinitisi pigmentosa. Tumesikia kuna protini inayokuza neva za macho. Tuuze shamba tuifuate? – Msomaji, Morogoro*

Poleni. Shamba msiliuze.

Protini hizo zipo. Mojawapo, CNTF, huzilinda seli zinazopokea mwanga zisife upesi. Zilizokwisha kufa haizifufui. Mwaka 2025 Marekani iliidhinisha kifuko kidogo chenye seli zinazoitoa polepole, kinachopandikizwa ndani ya jicho. Lakini ni kwa ugonjwa mwingine, MacTel aina ya 2, na hata huko hupunguza kasi tu. Kwa ugonjwa wa kaka yako ilijaribiwa, uoni haukuboreka. Anayewauzia matone ya “kukuza neva”, mkimbieni.

Arudi kliniki kila mwaka apimwe upana wa uoni, mtoto wa jicho na uvimbe wa retina. Hivi viwili vya mwisho hutibika. Vitamini A asimeze kiholela, huumiza ini. Tochi nzuri usiku, na fimbo nyeupe bila aibu. Akiona vimulimuli au pazia jeusi ghafla, hospitali siku hiyohiyo.