Palizi ya ulezi: usiliamini jicho, amini mstari

Mvua zimeshika, na kutoka njia panda ya Iguguno kuelekea Nduguti ulezi umeshachipua. Swali ninaloulizwa zaidi wiki hizi ni moja: hiki kilichoota ni ulezi au ni gugu?

Mche ukiwa na majani matatu, hata mimi sijui. Mwaka mmoja nilipalilia nusu ekari mbiombio, niwahi mnada. Wiki mbili baadaye nikagundua nimelitunza gugu vizuri kabisa, na ulezi nimeutupa mpakani.

Kwa hiyo, aliyepanda kwa mistari ya sentimita 30 ana nafuu kubwa. Kilichoota katikati ya mistari ni gugu, lifanane na ulezi lisifanane, pitisha jembe. Fanya hivyo wiki ya pili au ya tatu baada ya kuota, na udongo ukiwa na unyevu upunguze miche ndani ya mstari, ibaki kama sentimita 10 kutoka mmoja hadi mwingine. Aliyetupa mbegu kwa mkono hana mstari wa kumwongoza. Huyo aanze na anayoyajua, mengine ayasubiri yatoe suke.

Suke ndilo linalosema kweli. Lipo gugu dogo linalolala chini na kutawanya mashina pande zote, tako lake bapa na jeupe, mizizi imeng'ang'ania ardhi hadi mkono unauma. Vidole vya suke lake ni vyembamba na vimenyooka. Wataalamu wameliita kwa jina lenye maana ya "la India", ingawa ulezi wenyewe ni wa kwetu Afrika Mashariki na ndio uliosafiri kwenda India, wanakouita ragi. Lipo jingine linalotambaa na kutoa mizizi kwenye vifundo. Vidole vyake ni vifupi, na ncha ya kila kidole imebaki wazi, imechongoka kama mwiba. Hayo mawili hayanisumbui sana.

Anayenisumbua ni ulezi pori. Huyu husimama wima, hurefuka kama ulezi wako, na suke lake ukiwa mbali utaapa ni lenyewe. Chuma suke moja lililokomaa, ulisugue kiganjani. La ulezi pori huvunjika vipande vipande, na punje zake ni ndefu kidogo, nyeusinyeusi, bado zimevaa maganda. Ulezi wa shamba hushikilia punje zake, lazima uupige, na punje hutoka mviringo. Vidole vyake pia ni vinene, na aina nyingine huvikunja ndani kama ngumi.

Ulezi pori una kromosomu 36 sawa na ulezi wetu, ndiyo maana huzaliana. Lile gugu dogo lina 18, haliwezi. Ulezi hujichavusha wenyewe kwa sehemu kubwa, hivyo machotara si wengi kwa msimu mmoja. Lakini anayechagua mbegu kutoka ghalani mwake miaka nenda rudi huwakusanya bila kujua, mpaka siku anaona nusu ya suke imepukutika kabla ya kisu kufika. Ukiona suke la katikati, yaani nono kiasi lakini linapukutika, usiliweke kwenye mbegu. Ikiwezekana anza upya na mbegu iliyothibitishwa, au ile ya kuazimiwa ubora ukiipata jirani.

Kazi ya kung'oa ifanyike suke likiwa bado bichi. Likishakauka, kila unaposhika mmea unapanda wa mwakani. Na uliyoyang'oa usiwatupie ng'ombe: mbegu nyingine hupita tumboni zikiwa hai, halafu unazirudisha shambani mwenyewe, kwa toroli, ukiziita samadi. Yarundike pembeni, yakikauka yachome.