Tazama Mbuzi Kabla ya Kulipa

Ndugu mkulima, umepata shamba jipya, na mkopo wake bado unaulipa. Usinunue mbuzi kwa kuwa amenona tu. Mbuzi mnono aweza kuwa tasa, akala majani yako bila kukupa maziwa wala mtoto.

Kwanza, tazama meno ya mbele ya chini. Akiwa na mawili makubwa, umri wake ni mwaka mmoja na zaidi kidogo. Akiwa na manane, amefika kama miaka minne. Yakiwa yamelegea au yameng'oka, mwache.

Pili, shika kiwele. Kiwe laini, chenye chuchu mbili zilizo sawa. Uvimbe mgumu ni dalili ya ugonjwa. Ikiwa ananyonyesha, mwambie mwenyewe amkamue mbele yako.

Tatu, fikiri mahali pako. Penye ukame yafaa Galla, mbuzi mweupe wa kaskazini, kwa nyama na maziwa kiasi. Penye baridi na majani tele, Toggenburg hutoa maziwa mengi zaidi, lakini hutaka banda kavu na chakula cha kutosha kila siku.

Beberu asiwe wa ukoo mmoja na majike. Andika siku ya kupandwa. Mbuzi huzaa baada ya siku 150 hivi.

Jike mmoja mwema hushinda watatu wa bei rahisi.