Kuziba Meko ya Zamani Ukutani: Acha Dohani Ipumue

Ukinunua au kurithi nyumba ya zamani katika miji ya baridi kama Lushoto, Iringa au Limuru, huenda ukakuta sebuleni meko iliyojengwa ndani ya ukuta. Nyingi ni za enzi za Wajerumani na Waingereza. Leo haiwashwi tena, inapitisha upepo na kudondosha masizi, nawe ungependa ukuta ulionyooka wa kuweka kabati. Kazi yenyewe si kubwa, ila ikifanywa kwa haraka kasoro zake hujitokeza mvua za masika zikianza.

Jambo kubwa la kushika ni hili: unaziba mdomo wa meko tu. Dohani, yaani lile bomba la matofali linalopandisha moshi hadi juu ya paa, lazima iendelee kupitisha hewa. Ukiifunga juu na chini kabisa, unyevu hukwama ndani, matofali hulowana, na ukuta huanza kuota ukungu.

Anza kwa kuhakikisha hakuna kingine kinachotumia dohani hiyo. Nyumba nyingi zina meko mbili zilizopeana mgongo, au jiko la kuni na tangi la kuchemshia maji upande wa pili wa ukuta. Washa majani mabichi kidogo huko, kisha uangalie moshi unatokea wapi. Ukitoka kwenye dohani unayotaka kuifunga, simama kwanza, umwite fundi anayezijua dohani. Moshi ukikosa njia hurudi ndani pamoja na kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu wakiwa usingizini.

Je, unahitaji kibali? Ulizia kwa mhandisi wa halmashauri au wa kaunti kabla hujaanza. Swali halina gharama. Kama nyumba imetambuliwa kuwa ya kihistoria, usiguse kitu bila ruhusa. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na Kenya ina Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya 2006. Na fundi akikushauri abomoe kabisa ule ukuta uliotokeza mbele ili upate nafasi, mkatalie mpaka mhandisi aje aone, kwa sababu ndio unaobeba uzito wa dohani yote iliyo juu.

Sasa safisha. Hapa ndipo mafundi wengi hukwepa, nami nakusihi usikubali. Masizi ya miaka mingi yana chumvi zinazovuta unyevu kutoka hewani. Ukijenga bila kuyasugua, baada ya miezi utaona madoa ya kahawia kama chai yakipenya kwenye lipu mpya, na ukipaka rangi juu yake yatarudi. Tandika turubai sakafuni, funika pua na mdomo kwa barakoa, sugua dohani kwa brashi ndefu ya waya kuanzia juu, kisha zoa kila kitu. Viota vya ndege vitoke pia. Wakiwemo nyuki, mwite mfugaji wa nyuki awahamishe. Ukikuta bodi ngumu ya kijivu ndani ya meko, usiikate wala kuivunja, maana huenda ikawa asbesto, na vumbi lake hudhuru mapafu.

Juu ya paa, weka kofia ya bati au kibamba cha zege kilichoinuliwa, chenye nafasi wazi pembeni na wavu wa waya. Mvua isiingie, upepo upite.

Kisha mdomo wenyewe. Acha linta mahali pake. Ndiyo boriti fupi inayoshikilia matofali yaliyo juu ya uwazi. Mwambie fundi achonge kingo za matofali ya zamani ziwe na meno, ili matofali mapya yaingie ndani yake. Yakibandikwa tu pembeni, ufa ulionyooka utajitokeza pale pale. Kwa mota, yaani mchanganyiko wa kujengea, karai 1 ya saruji kwa 6 za mchanga inatosha. Ukipata chokaa, ongeza karai 1, kwani nyumba za zamani zinapatana nayo vizuri. Sentimita 10 hivi juu ya sakafu, aache tundu la hewa la inchi 9 kwa 6, lenye kifuniko cha matundu. Kabla ya lipu, apigilie wavu wa kuku juu ya mwungano wa ukuta wa zamani na mpya.

Utatumia nini? Kwa mdomo wa sentimita 90 kwa 75, matofali ya saruji ya inchi 6 yanayohitajika ni 6 au 7. Nunua 9 kwa sababu mengine yatakatwa. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 utabaki, na toroli mbili za mchanga zinatosha. Zidisha kwa bei ya duka la vifaa vya ujenzi lililo karibu nawe. Gharama kubwa huwa ni ya fundi, kwa hiyo patana naye kwa kazi nzima, kusafisha dohani kukiwemo, na umbakizie sehemu ya malipo mpaka lipu ikauke.

Nyunyizia lipu maji siku chache za mwanzo, halafu iache wiki nne kabla ya rangi. Tundu la hewa lisizibwe kwa rangi, wala kabati lisiegemezwe juu yake. Usiku wa baridi ukifika, usiingize jiko la mkaa katika chumba hicho. Njia ya moshi iliyokuwapo haipo tena.