Kabla Hujanunua Pampu Mpya ya Kisima, Funga Koki Usome Geji

Mgao wa maji wa Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua, uliwafanya watu wengi wa Dar es Salaam wachimbe visima. Mama mkwe wangu, kule Kigamboni, ni mmoja wao. Juzi akanipigia: "Baba, fundi anasema pampu imekufa. Anataka hela ya mpya leo leo."

Kauli hiyo nilishaisikia. Mwaka jana fundi huyohuyo aliiua kwa mdomo pampu hiyohiyo, na tayari alikuwa na bei mkononi kutoka kwa muuzaji wake wa Kariakoo. Nilipofungua kiboksi cha kuwashia nilikuta kapasita imevimba. Tukaweka nyingine yenye namba zilezile, maji yakapanda. Hasira ya siku ile bado ninayo, kwa sababu mama anaishi kwa pensheni, na pampu ya kuzamisha si kitu cha kumnunulisha mtu kwa kubahatisha.

Dalili za kawaida kila mwenye kisima anazijua: mchanga kwenye ndoo, breka inayoruka, tanki linalochelewa kujaa. Tanki la mama la lita 2,000 lilikuwa linajaa kwa saa moja na nusu. Sasa linakaribia saa nne, na LUKU inaliwa muda wote huo. Lakini dalili hizo hazikuambii kama tatizo ni pampu, bomba, umeme au kisima chenyewe. Geji ndiyo itakayokuambia.

Pima umeme kwanza, maana volti zikishuka sana chini ya 230 pampu yoyote italegea. Kisha funga geji ya presha juu ya kisima, kabla ya koki. Asubuhi, kabla maji hayajavutwa, teremsha uzi wenye nati nzito mpaka usikie imegusa maji, halafu pima urefu wa uzi. Kwa mama maji yalikuwa mita 30 chini. Soma kibati cha pampu au karatasi yake: yake imeandikwa inasukuma hadi mita 85. Ukitoa 30 zinabaki 55, na kila mita 10 ni takriban baa moja. Kwa hiyo koki ikifungwa kabisa, pampu nzima inapaswa kupandisha geji hadi karibu baa 5.5.

Fundi alisimama pembeni amekunja mikono. Nikawasha, nikafunga koki, mshale ukapanda ukagota kwenye mbili na kidogo. Usiiache hivyo zaidi ya dakika moja, maji yatachemka humo ndani. Nikazima, koki ikiwa bado imefungwa, tukautazama mshale. Hapa ndipo penye siri yenyewe: bomba likiwa limetoboka, au valvu ya kuzuia maji yasirudi ikiwa mbovu, mshale utaporomoka. Wetu ulitulia palepale. Bomba zima, umeme mzuri, presha haifiki: impela zimelika. Na kama geji ingefika 5.5, ningemwambia mama asitoe hata senti ya pampu, tukatafute kisa kwenye kisima au bomba la kwenda tankini.

Safari hii fundi alisema kweli, ila hakuwa na ushahidi wowote, na mama alistahili ushahidi. Tulipoivuta na kuifungua, kingo za impela zilikuwa zimekwanguliwa na mchanga mpaka zimekuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Mama alizishika mwenyewe, akasema, "Haya, sasa nimeona," akaingia ndani kuchukua hela.

Kariakoo nilikwenda mimi. Muuzaji wa kwanza aling'ang'ania nichukue yenye nguvu zaidi "ili usirudi tena." Pampu inayovuta kuliko uwezo wa kisima itakausha kisima na kuvuta mchanga mwingi zaidi, na mchanga ndio uliotufikisha hapo. Mimi napenda Pedrollo ya Italia kwa sababu kibati chake kinasomeka na vipuri vinapatikana, lakini jina peke yake halinitoshi. Uliza karatasi inayoonyesha inatoa lita ngapi kwa dakika katika mita za kisima chako. Muuzaji asiye nayo, nenda duka la pili. Na pampu ikishushwa, ining'inizwe mita chache juu ya sakafu ya kisima, geji ibaki palepale juu, na namba ya siku ya kwanza iandikwe kwa rangi ukutani.